Baridi ya Marungu: namna ya kuchagua mabote yenye joto bila kumaliza feza ya nyumba

Kuanzia mwezi wa tano mpaka mwezi wa nane, mtu anayetoka bandarini Moba na sandali za plastiki miguuni, akapanda mpaka kwenye milima ya Marungu, anafika kama katika inchi ingine. Chini, kando ya ziwa, jua la asubuhi linachoma mapema. Juu, kuelekea Pepa, majani yamelowa umande, upepo unapita bila kizuizi, na watu wa kazi za nje wanatafuta moto mbele ya kutafuta chakula. Wachungaji wa ng'ombe, wakulima wa maharagi, wawindaji, walinzi wa usiku na wale wanaosukuma kinga zilizojaa mizigo hawavai mabote kwa urembo. Kwao ni chombo cha kazi, kama jembe.

Shida ni feza. Jozi moja ya mabote inaweza kula kile ambacho nyumba ilitenga kwa masomo ya mtoto au kwa mbegu za msimu unaokuja. Na anayenunua vibaya anapoteza mara mbili: feza imekwenda, na miguu bado inaumwa na baridi. Wengi hudhani kwamba bote ni bote tu, na kwamba lililo zito na nene ndilo lenye joto. Mara nyingi si hivyo.

Kwa nini juu kuna baridi kuliko chini

Maji ya Ziwa Tanganyika yako kwenye urefu wa meta karibu 773 juu ya usawa wa bahari. Milima ya Marungu imegawanywa na mto Mulobozi, ambao unaingia ziwani karibu na Moba, upande wa kaskazini. Sehemu ya kaskazini ya milima hiyo inafika meta 2100, na ile ya kusini inafika meta 2460. Kwa kawaida, kila mtu akipanda meta 1000, joto linapungua kwa digri kama 6. Kwa hiyo anayetoka ufukweni na kufika kwenye meta 2100 amepoteza digri kama 8, na anayefika kwenye kilele cha kusini amepoteza karibu 10. Kama huko chini watu wanalala na shuka moja, huko juu blanketi mbili hazitoshi.

Usiku wa kiangazi unaongeza shida. Mawingu hakuna, kwa hiyo joto ambalo udongo ulikusanya mchana linapanda moja kwa moja na kupotea. Kiisha, hewa ya baridi ni nzito kuliko hewa ya joto. Inateremka polepole kama maji na kukusanyika mabondeni. Ndiyo maana mtu anayelala karibu na kijito, ndani ya bonde, anasikia baridi kali kuliko mwenzake aliyelala katikati ya mteremko. Anayechagua pahali pazuri pa kulala amekwisha kupata nusu ya joto bila kulipa hata franka moja.

Mvua nayo inanyesha hasa kuanzia mwezi wa kumi mpaka mwezi wa ine, karibu milimeta 1200 kwa mwaka. Basi mabote ya Marungu yana maadui wawili: baridi kavu yenye umande wakati wa kiangazi, na matope wakati wa mvua. Ni vigumu jozi moja kuyashinda yote mawili sawasawa. Mnunuzi ajiulize kwanza: kazi yangu kubwa iko wakati gani?

Namna mguu unavyopoteza joto

Mabote hayatengenezi joto. Mwili ndio unaotengeneza joto, na mabote yanalizuia lisikimbie. Joto hilo linakimbia kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni udongo. Mtu akisimama pahali pamoja, mwindaji anayengoja au mlinzi anayelinda, udongo wa baridi unanyonya joto kupitia unyayo. Ndiyo maana unene wa soli ni wa maana kuliko unene wa shingo ya bote.

Njia ya pili ni maji. Maji yanabeba joto kwa upesi zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia. Soksi iliyolowa inaondoa joto la mguu kila dakika. Na maji hayo hayatoki mtoni tu. Jasho pia ni maji. Mtu anayepanda mlima na bote zito lililofungwa kabisa anatoa jasho jingi, kiisha akikaa chini kupumzika, jasho lile lile linampiga baridi.

Njia ya tatu ni kubana. Mwili ukisikia baridi, unapunguza damu inayokwenda miguuni ili kulinda moyo na viungo vya ndani. Bote linalobana linapunguza damu hiyo zaidi. Anayevaa soksi tatu ndani ya bote dogo anajidanganya: vidole havina nafasi, hewa haimo, damu haipiti, na miguu inapoa kuliko ya mwenzake aliyevaa soksi moja ndani ya bote lenye nafasi.

Wengine wanasema kwamba Congo haina theluji, kwa hiyo baridi haiwezi kuharibu mguu. Vita vya kwanza vya dunia, vya 1914 mpaka 1918, vilionyesha tofauti. Maelfu ya askari waliokaa ndani ya mahandaki ya Ulaya waliharibika miguu, na hawakuhitaji kuganda kwa barafu. Ilitosha mguu kukaa umelowa, katika baridi ya kawaida, saa nyingi bila kukaushwa. Mguu unakuwa mweupe au wa rangi isiyo ya kawaida, unakufa ganzi, unavimba, na ukipata joto unaanza kuwaka kwa maumivu. Mtu akiona alama hizo, avue mabote, akaushe miguu, aifunike polepole na nguo kavu na kwenda kwenye kituo cha afya. Asiisugue kwa nguvu wala kuiweka karibu na moto, kwa sababu mguu uliokufa ganzi unaungua bila mwenyewe kusikia.

Aina za mabote zinazopatikana

Bidhaa zinafika Moba kwa njia ya ziwa, kutoka Kalemie, Kigoma au Mpulungu, na kwa barabara kutoka upande wa Pweto. Sokoni mnunuzi anakutana na aina kama tano.

Ya kwanza ni mabote marefu ya mpira. Historia yake inagusa Congo. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua namna ya kupika mpira na kiberiti ili usiyeyuke katika jua wala kupasuka katika baridi. Mwaka 1853 mfanyabiashara Hiram Hutchinson alifungua kiwanda huko Ufaransa na kuanza kuwatengenezea wakulima mabote ya mpira, kwa sababu wengi walikuwa wakienda shambani na viatu vya mbao. Baadaye, chini ya mfalme Léopold II, kati ya 1885 na 1908, watu wa Congo walilazimishwa kukusanya mpira wa porini kwa mateso makubwa. Leo mabote yanarudi Congo yakiwa bidhaa ya kununua, na mengi yanayoitwa ya mpira si ya mpira: ni ya plastiki ya PVC.

Tofauti hiyo si ndogo. Mpira wa kweli unabaki laini hata asubuhi ya baridi. PVC inakakamaa katika baridi, na pale mguu unapokunja ndipo inapasuka. Mnunuzi akunje shingo ya bote kwa mkono: mpira unarudi upesi na kuwa kama ulivyokuwa, na mara nyingi haung'ai sana. PVC inang'aa, inabaki ngumu kidogo, na mara nyingi herufi hizo tatu zimeandikwa chini ya soli. PVC ni bei nafuu, na kwa kazi ya miezi michache ya matope inaweza kutosha. Lakini asilipe bei ya mpira kwa bote la plastiki.

Aina hii yote inazuia maji kabisa, na ndiyo shida yake pia: maji hayaingii, lakini jasho halitoki. Ni mabote ya matope, ya kuvuka vijito na ya umande. Kwa safari ya siku nzima ya kupanda milima, yanachubua kisigino na kulowesha soksi.

Ya pili ni mabote ya ngozi. Ngozi nzuri inapumua kidogo, inafuata umbo la mguu, na inaweza kutengenezwa na fundi wa viatu mara nyingi. Kwa mtu anayetembea sana wakati wa kiangazi, hakuna kinachoishinda. Lakini inahitaji mafuta, na ikiachwa kwenye matope wiki nzima inaoza mishono.

Ya tatu ni mabote ya turubai yenye soli ya mpira. Ni mepesi, yanakauka upesi, na bei yake ni ndogo. Hayafai katika umande mrefu, kwa sababu yanalowa katika dakika chache. Ni ya mchana.

Ya ine ni mabote ya kazi yanayotoka migodini, upande wa Lubumbashi na Kolwezi, mapya au yaliyokwisha kuvaliwa. Mengi yana alama za usalama. S3 ni kiatu cha kazi chenye kofia ngumu ya kulinda vidole na kitu ndani ya soli kinachozuia misumari. S5 ni bote la mpira au la plastiki lenye ulinzi huo huo. Herufi CI zinaonyesha kwamba soli imetengenezwa ili kuzuia baridi. Haya ni magumu na yanadumu. Ubaya wake ni uzito, na mtu anayetembea kilometa 20 anausikia uzito huo kila hatua.

Ya tano ni mabote ya uwindaji au ya theluji yanayotoka katika balo za mitumba za Ulaya na Amerika. Ndiyo yanayodanganya wengi. Ni makubwa, yana sufu au sponji ndani, na mengine yana lebo yenye jina kama Thinsulate na namba 200, 400 au 800. Namba hiyo inaonyesha gramu za kizuia joto kwa kila meta ya mraba. Bote la 800 limetengenezwa kwa mtu anayekaa kimya saa nyingi juu ya theluji. Mchungaji wa Marungu anayetembea nalo mchana ataloa jasho, na sponji hiyo ikilowa inaweza kuchukua siku mbili kukauka. Kwa baridi ya milima yetu, mtu anayetembea anatosheka na bote lisilo na kizuia joto au lenye 200, pamoja na soksi nzuri. Yale mazito yanafaa kwa mlinzi wa usiku tu, anayekaa pahali pakavu.

Mambo ya kupima mbele ya kulipa

Kwa mabote ya mitumba, jambo la kwanza ni soli. Viatu vingi vya kisasa vina soli ya povu gumu la plastiki linaloitwa poliuretani. Povu hilo linazeeka lenyewe kwa unyevu wa hewa, hata kama kiatu hakikuvaliwa siku hata moja. Kwa nje kinaonekana kipya kabisa, kiisha soli inavunjika kama mkate mkavu katika wiki ya kwanza. Mnunuzi abonyeze upande wa soli kwa ukucha wa kidole gumba na kukunja kiatu. Kama kuna nyufa ndogo, kama kuna chengachenga, au kama inanata, aache. Soli ya mpira mzito haina ugonjwa huo.

Jambo la pili ni namna soli ilivyoshikwa. Soli iliyoshonwa inaweza kushonwa tena na fundi. Soli iliyogandishwa kwa gundi tu inaweza kurudishwa, lakini haitadumu sawasawa. Aangalie kama kuna mshono unaozunguka pembeni. Viatu vingine vina mshono wa uongo uliochorwa kwenye plastiki. Ukivuta kidogo pembeni, uzi hausogei wala hauonekani kuingia popote.

Jambo la tatu ni alama ndogo za lebo. Viatu vinavyouzwa Ulaya vinabeba michoro inayoeleza vilitengenezwa na nini. Mchoro wa ngozi ya mnyama iliyotandikwa ni ngozi. Mchoro huo ukiwa na almasi ndogo ndani, ni ngozi iliyopakwa plastiki juu. Mchoro wa wavu ni kitambaa. Almasi peke yake ni kitu kingine, mara nyingi plastiki au mpira. Michoro hiyo inatajwa kwa sehemu tatu: ya juu, ya ndani na ya soli. Anayejua kusoma michoro hiyo hahitaji kujua lugha ya mwuzaji wala ya kiwanda.

Jambo la ine ni kuingiza mkono ndani mpaka kwenye vidole. Mkono unatafuta misumari, mishono iliyofunguka, kitambaa kilichochanika kwenye kisigino, na unyevu. Harufu ya kuoza ni alama kwamba kuvu imekwisha kuingia, na inaweza kuhamia miguuni.

Kuhusu maji, bote la mpira linaweza kujaribiwa kwa kulikanyagisha ndani ya beseni ya maji, mkono ukiwa ndani. Mwuzaji mwema hakatai.

Kipimo cha mguu

Namba za viatu zinachanganya kwa sababu kila eneo la dunia lina zake. Bote lenye namba 8 ya Uingereza linakaribiana na 9 ya kiume ya Marekani na 42 ya Ulaya. Njia ya hakika ni kupima mguu wenyewe. Mtu asimame juu ya karatasi mangaribi, wakati mguu umevimba kidogo juu ya kazi, na mwenzake achore alama kwenye kisigino na kwenye kidole kirefu. Apime kwa sentimeta, aongeze 1 na nusu, kiisha azidishe kwa 1 na nusu. Mguu wa sentimeta 26 unatoa karibu 41. Kama atavaa soksi nene, achukue namba moja juu.

Akiwa amevaa bote na soksi zile atakazofanya nazo kazi, vidole vicheze bila kugusa mbele, na kisigino kisipande sana wakati wa kutembea. Atembee pahali penye mteremko kama papo: akishuka, vidole visigonge.

Wanawake wanaokwenda mashambani wana shida yao. Mabote mengi ya sokoni yametengenezwa kwa miguu ya wanaume, kwa hiyo wengi wanavaa namba 41 wakati mguu wao ni 38. Bote kubwa hivyo linaangusha mtu mwenye mzigo kichwani. Ni heri kungoja balo ingine au kuagiza namba kamili kwa mfanyabiashara anayekwenda Kalemie kuliko kununua lililopo. Kwa watoto vilevile: nafasi ya kidole kimoja mbele inatosha. Kumnunulia mtoto bote la miaka mitatu ijayo ni kumfunga mawe miguuni.

Soksi na majani makavu

Feza kidogo iliyowekwa kwenye soksi inaleta joto kuliko feza nyingi iliyowekwa kwenye bote. Soksi ya pamba inakunywa jasho na kubaki imelowa. Soksi ya sufu inabakiza joto hata ikiwa na unyevu. Sufu si lazima iwe mpya: sweta ya sufu iliyochanika, ya mitumba, inaweza kukatwa mikono na kushonwa mwisho mmoja, ikawa soksi mbili nzuri. Kila anayelala nje awe na jozi mbili, moja ya kutembea na moja kavu ya usiku, ambayo haivaliwi mchana hata kwa sababu gani.

Chini ya unyayo, majani makavu yanafanya kazi kubwa. Wasami wa kaskazini mwa Ulaya, wafugaji wa nyama wanaofanana na paa wakubwa, walijaza viatu vyao majani makavu kwa vizazi vingi. Roald Amundsen na wenzake waliofika Ncha ya Kusini ya dunia mwaka 1911 walitumia pia majani ya namna hiyo. Majani yanashika hewa, yanakunywa jasho, na asubuhi yanatupwa na kuwekwa mengine. Milima ya Marungu haikosi majani. Kipande cha kartoni au cha blanketi ya zamani kilichokatwa kwa umbo la mguu kinasaidia vilevile, mradi kikaushwe kila siku.

Utunzaji

Bote la ngozi linauawa na moto kuliko na mvua. Likilowa, watu wanaliweka karibu na jiko, na ngozi inakauka kwa nguvu, inakunjamana na kupasuka. Dawa ni kuondoa matope, kulijaza karatasi au majani makavu, na kuliacha kwenye kivuli penye upepo. Likikauka, lipakwe mafuta. Nta ya nyuki sehemu moja na mafuta ya ng'ombe sehemu mbili, vikiyeyushwa ndani ya kopo lililowekwa kwenye maji ya moto, vinatengeneza dawa inayozuia maji. Ipakwe kidogo, hasa kwenye mishono.

Bote la mpira lioshwe na maji tu na kuwekwa mbali na jua kali, petroli na mafuta ya motopompi. Likitoboka, fundi wa kinga anaweza kuliziba na kipande cha chambre à air na gundi ile ile ya matairi. Kwa PVC gundi hiyo haishiki sawasawa, kwa hiyo mafundi huunganisha kwa kisu cha moto na kipande cha plastiki ya namna moja.

Nyoka, funza na vidonda

Baridi si sababu peke yake ya kuvaa mabote. Nyoka wengi wanauma kwenye mguu na chini ya goti. Kifutu, nyoka mnene mwenye sumu kali, hakimbii anaposikia mtu. Anabaki kimya njiani mpaka akanyagwe. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza sumu ya nyoka kati ya magonjwa yaliyosahauliwa yanayohitaji kushughulikiwa kwanza, na mwaka 2019 liliweka shabaha ya kupunguza nusu ya vifo na vilema kabla ya 2030. Bote refu lenye nafasi kidogo kuzunguka mguu linapunguza hatari, lakini haliondoi yote, kwa sababu meno marefu yanaweza kupita plastiki nyembamba. Aliyeumwa atulizwe, mguu usitikiswe, apelekwe hospitali upesi. Kukata, kunyonya au kufunga kamba kunaongeza madhara, na jiwe jeusi haliondoi sumu. Kila asubuhi pia mabote yapigwe-pigwe mdomo ukiwa chini, mbele ya kuingiza mguu.

Funza naye anapenda mguu usiovaa kitu. Mdudu huyo si wa Afrika tangu mwanzo. Aliletwa na meli kutoka Amerika ya Kusini mpaka Angola mwaka 1872, akafuata njia za wapagazi kupitia Congo, na mbele ya karne ya 19 kwisha alikuwa amefika pwani ya mashariki. Safura nayo inaingia kupitia ngozi ya unyayo. Kwa mtoto, kiatu chochote kilichofungwa ni kinga dhidi ya yote mawili.

Mabote na sheria

Kuna aina moja ambayo raia aiache hata kama bei yake ni ndogo: mabote ya kijeshi, hasa yakiambatana na koti la rangi za jeshi. Sheria ya Congo inakataza raia kuvaa sare ya askari. Katika jimbo ambalo limeona makundi yenye silaha, mtu mwenye vazi la namna hiyo, mwenye matope mpaka magotini na anayetoka porini usiku, anaweza kushikwa kwenye bariere au kupigwa risasi kwa kudhaniwa mwingine. Rangi za kawaida ni usalama.

Kwa wawindaji, sheria namba 82-002 ya tarehe 28 mwezi wa tano 1982 inaomba kibali cha kuwinda, na ile namba 14/003 ya tarehe 11 mwezi wa pili 2014 inalinda mazingira na wanyama. Anayetaka kuwinda aulize kwanza kwenye ofisi ya mazingira ya eneo la Moba ni wanyama gani wanaolindwa na kama msimu umefunguliwa.

Hesabu ya mwisho

Bei peke yake haisemi ghali ni nini. Hesabu ya kweli ni bei kugawanywa kwa miezi. Kwa mfano tu, tuseme bote la plastiki ni franka 20 000 na linadumu miezi 4: kila mwezi limekula franka 5 000. Bote la ngozi lililoshonwa, la mitumba, tuseme ni 45 000 na linadumu miezi 18: kila mwezi ni 2 500, nusu ya lile la kwanza. Lakini hesabu hiyo ni ya kweli kama mwenye bote atalipaka mafuta na kulikausha kwenye kivuli. Akiliweka karibu na moto, litakufa pamoja na lile la plastiki.

Kwa nyumba isiyo na franka 45 000 siku moja, kuna njia ya katikati. Watu wa shirika la akiba la kijiji au wa familia moja wanaweza kununua pamoja mabote ya mpira kwa msimu wa mvua, namba zikilingana, na kupeana zamu kwa kazi za matope. Soksi tu zisiazimwe, juu ya kuvu. Na wakati mzuri wa kununua mabote ya baridi ni mwezi wa pili au wa tatu, mbele ya baridi kushuka. Anayengoja mpaka mwezi wa sita anakuta kila mchungaji wa Marungu anatafuta kitu kile kile, na mwuzaji anajua.